Nzi wa Rangi ya Waridi

Daktari wa meno hakuwa mvuvi. Tuliseme hilo mapema, wavuvi wasije wakalalamika kwamba tumewavunjia heshima. Mvuvi ni mtu anayevua samaki, na Daktari, tangu ashikwe na ugonjwa ule, alikuwa hajavua hata mmoja wa kusingizia. Alichokuwa nacho kwa wingi ni nzi.

Nzi ndivyo wanavyoiita wenyewe walioathirika. Ni ndoana iliyofungwa uzi, manyoya na vitu vya kumetameta, ili samaki akiiona adhani ni chakula. Haivumi, haitui kwenye kidonda cha mtu, na hizi za baharini hata hazijaribu kufanana na nzi: zimekusudiwa zifanane na kamba wadogo na kaa wanaojificha mchangani. Lakini jina likishakaa limekaa. Kwa hiyo kila mgeni alipouliza mwenye nyumba yuko wapi, mkewe alijibu kwa uso mkavu kabisa, "Yupo chumba cha kulia, anafunga nzi." Wageni wengi hawakuuliza zaidi. Wachache waliangalia saa.

Katika chumba cha kulia watu walikuwa wameacha kula siku nyingi. Kwenye ukingo wa meza Daktari alibana jiliwa dogo la kushikia ndoana, juu yake ikainama taa ya kliniki iliyokuwa imwangaze mgonjwa kooni. Kulikuwa na manyoya ya shingo ya jogoo, vishungi vya mkia wa ndama na nywele bandia za kusukia alizonunua mwenyewe dukani, huku wasichana wawili wauzaji wakishikana mikono ili wasianguke kwa kicheko. Macho ya nzi aliyakata kutoka kwenye ule mnyororo wa vishanga unaoshika kizibo cha sinki. Sinki la kwanza lilikuwa la kliniki. La pili likawa la jikoni, na hapo ndipo mkewe alipoanza kumwita "Fundi" kwa sauti ambayo hakuna fundi angependa kuitwa. Kichwa cha kila nzi alikipaka rangi ya kucha ya binti yake, ili kisifumuke.

Na yote haya kwa ajili ya samaki mmoja. Ni yule mweupe mwenye kung'aa kama kijiko kipya, anayeingia kwenye maji mafupi wakati maji yanajaa, akainamisha kichwa kuchimba mchanga na kuacha mkia ukipunga hewani. Ana mbio za mwizi na woga wa mtoto aliyevunja sahani. Kuhusu kumla, tusidanganyane: nyama yake ni miiba mitupu, na watu humwita samaki wa miiba bila kutafuta jina la heshima zaidi. Wenye mchezo wao humvua, wakamtazama, wakamrudisha majini. Mke wa Daktari alipoelezwa hilo mara ya kwanza, aliomba aelezwe tena polepole.

Elimu ya Daktari juu ya nzi, hata hivyo, haikuwa na mpaka, na alikuwa na wasikilizaji bora duniani. Mtu akishalazwa kwenye kile kiti, kinywa wazi, pamba huku na mrija kule, hana la kufanya ila kuelimika.

"Siri yote ni mchanga," Daktari angesema, akiuchokonoa mzizi. "Mchanga mweupe unataka nzi mweupe, au wa krimu, au waridi iliyopauka. Pakiwa na majani ya baharini, nzi wa kahawia au kijani. Halafu uzito. Maji ya kifundoni hayataki nzi mzito, akianguka atalia chubwi na samaki wote watahama. Maji ya gotini, hapo unaweza kumwongezea macho mazito. Sijui unanielewa?"

"Aa," mgonjwa angejibu.

"Safi sana," Daktari angesema, na kuendelea.

Basi huyu Daktari alikuwa na binti, kitindamimba wake, na binti akapata mchumba. Kijana hakuwa na neno: mpole, ana kazi, anasalimia kwa mikono miwili. Tatizo lilikuwa baba yake. Alikuwa kontrakta wa majengo, mtu mkubwa mwenye masharubu mapana kama mswaki wa kupakia chokaa, na mafundi wake walimwita Zege. Wengine walisema ni kwa sababu ya kazi. Waliomwona uso walijua si kazi peke yake.

Siku wazazi wa kijana walipokuja kujitambulisha, Zege aliketi kwenye kochi kama aliyemiminwa hapo akasubiriwa akauke. Daktari alimkaribisha kwa maneno yote matamu aliyoyajua.

"Karibu sana, mkwe. Jisikie upo nyumbani."

"Mm," Zege alisema, kiganja mdomoni.

"Safari ilikuwaje?"

"Mm."

Daktari akatoa kichekesho chake bora, kile cha mgonjwa aliyeng'olewa jino zima akaachiwa bovu. Mke wa Zege alicheka mpaka akajifuta machozi. Vijana walicheka kwa kuwa walitakiwa. Zege alikuwa amegeukia dirishani, kiganja kile kile kimeganda chini ya masharubu, akilichunguza pazia kana kwamba amepewa zabuni ya kulibomoa. Chakula kilipoandaliwa, alikula vijiko vitatu vya mchuzi, akasukuma sahani na kusema, "Nimeshiba." Nyama aliyopikiwa tangu asubuhi ikamtazama, naye hakuitazama.

Geti lilipofungwa nyuma ya wageni, mke wa Daktari alisimama mikono kiunoni katikati ya sebule.

"Tumedharauliwa," alisema. "Nyumba yetu, chakula chetu, mtoto wetu. Umeona alivyokuwa anaziba mdomo? Kama vile tunanuka!"

"Labda ndivyo alivyoumbwa," Daktari alisema.

"Hakuna mtu anayeumbwa hivyo. Hiyo ni dharau ya kujifunza."

Binti alikuwa jikoni, analia juu ya vyombo. Mchumba wake, aliyebaki nyuma kusaidia kuosha, alikuwa anamfariji kwa namna ambayo wanaume wengi hufariji, yaani kwa kusema jambo lisilohusika. "Baba ni mtu mzuri, wallahi. Akiwa majini hata huwa anaimba. Jumamosi zote anakwenda kuvua wale samaki wa miiba, na vile vinzi vyake vya manyoya..."

Sahani ilisimama mkononi mwa binti. Mama mtu, ambaye masikio yake yalikuwa yanasikia hata maji yakichemka nyumba ya tatu, alikuwa tayari mlangoni.

"Vinzi vya nini?"

Kabla vyombo havijakauka, shauri lilikuwa limekatwa. Mama alikwenda chumba cha kulia na kumkuta mumewe keshawasha taa ya kliniki.

"Jumamosi unakwenda kuvua na mkwe wako," alisema. "Mnaumwa ugonjwa mmoja. Nendeni mkasemezane huko huko majini. Na ukirudi hujaelewana naye, mume wangu, hii meza naigeuza kuni."

Jumamosi asubuhi wakakutana pwani, mahali ambapo bahari ilikuwa imerudi nyuma ikaacha uwanja mpana wa mchanga na maji ya kifundoni. Zege alikuja na fimbo moja ya kuvulia, kofia iliyochakaa na kikopo cha pipi za kikohozi. Daktari alikuja na fulana yenye mifuko kila mahali isipokuwa kwapani, miwani ya jua juu ya miwani ya kusomea, na visanduku vya nzi vilivyomfunika kifua kama askari anayekwenda vita ambavyo adui hajaarifiwa.

"Umejiandaa," Zege alisema, kiganja mdomoni. Kwa kipimo chake ile ilikuwa hotuba.

"Kidogo tu," Daktari alijibu kwa unyenyekevu wa uongo. "Na wewe, mkwe, unatumia nzi gani leo?"

Zege akafungua kikopo cha pipi. Ndani walilala nzi kadhaa, wote wa kahawia, wote wazito, wote wamefungwa kwa uzi mnene na moyo mkunjufu. Walifanana na kitu ambacho fagio hukitoa chini ya kabati.

"Kahawia," alisema.

"Na maji yakiwa meupe?"

"Kahawia."

Daktari alikitazama kikopo tena. Mtu anaweza kusamehe mkwe kumdharau mwanawe, lakini kahawia juu ya mchanga mweupe!

Wakaingia majini, wakatembea polepole wakivuta miguu ili wasifanye kishindo. Hawakufika mbali, mikia miwili ikachomoza mbele yao, inang'aa, inapunga. Zege alizungusha fimbo yake kwa ustadi ambao Daktari hakuutarajia, mshipi ukaenda mbali na kunyooka, na mwisho wa mshipi ule mzuri nzi wa kahawia akatua majini kama tofali lililomponyoka fundi ghorofani. Chubwi! Mikia ikatoweka. Palibaki vumbi la mchanga ndani ya maji na ukimya wa watu wawili wenye adabu.

"Mkwe," Daktari alisema, akijitahidi sauti isichezecheze kwa furaha, "nadhani nzi wako ni mzito kidogo kwa maji haya."

"Mm," Zege alisema.

Zamu ikawa ya Daktari, na hapo ndipo asubuhi ilipoanza kuzeeka. Alifungua kisanduku cha kwanza akachagua nzi wa krimu. Alipomaliza kumfunga, wingu likapita mbele ya jua, mchanga ukabadilika rangi, na dhamiri yake ikakataa. Akamkata, akamfunga mwenye tumbo la dhahabu. Jua likarudi. Akamkata naye. Samaki walikuja, wakawapita pembeni bila hata kuharakisha, kama watu wanaopita duka ambalo wanajua halifunguliwi. Zege alisimama kando yake mikono kifuani, akipumua kwa pua.

"Samaki," Zege alisema mara moja.

"Nawaona. Subiri nimalize fundo."

"Samaki," alisema tena baadaye.

"Hawa si wetu, mkwe. Wetu wanakuja."

Mwishowe Daktari akafungua kisanduku kilichokaa karibu na moyo, akamtoa mmoja aliyekuwa amemtunza peke yake kwenye pamba. Alikuwa mdogo, mwepesi, rangi ya waridi iliyopauka kama kucha ya mtoto mchanga, macho mawili ya vishanga vya sinki, na unywele mmoja mmoja wa kung'aa ubavuni. Ni kazi ya juma zima. Kwenye klabu ya wenye mchezo huu alikuwa amefundishwa kwamba kila ndoana lazima kijino chake, ule mwiba mdogo unaorudi nyuma, kiminywe kwa koleo ili kisimtese samaki, wala mtu. Daktari alikuwa ameviminya vijino vya nzi wake wote. Huyu hakumminya, maana koleo lingekwaruza rangi. Mtu aliyekuwa akiwahubiria wagonjwa wake kila siku kwamba kinga ni bora kuliko tiba aliona kuwa kwa mara moja kinga inaweza kusubiri.

Upepo nao, kama unavyopenda kujileta panapokosekana akili, ulikuwa umeanza kuvuma ukitokea mkono wa kulia wa Daktari, upande ule ule anaotupia.

Ndipo wakaja. Hawakuwa wawili wala watatu. Lilikuwa kundi zima, mikia imechomoza, wanachimba kuelekea kwao bila wasiwasi. Zege, ambaye alikuwa amesimama nyuma kidogo upande wa kushoto, alijisahau. Kiganja kikaondoka, kinywa kikafunguka kwa upana wake wote.

"Mbele yako! Tupa! Tupa sasa!"

Daktari akatupa. Mshipi ulikwenda nyuma, upepo ukaupokea, ukausukuma juu ya kichwa chake kwenda upande wa pili, na aliporudisha fimbo mbele akahisi uzito. Uzito wa kweli, wenye uhai! Vitabu vyote vinasema hapo usiinue fimbo kama mshamba. Uvute mshipi kwa mkono, kwa uthabiti, mpaka ndoana izame sawasawa. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake ya uvuvi Daktari alifanya jambo bila kosa. Alivuta.

Sauti iliyotoka nyuma yake haikuwa ya samaki.

Aligeuka. Zege alikuwa amesimama macho yamemtoka, na kwenye mdomo wake wa chini, katikati kabisa, ananing'inia nzi wa rangi ya waridi. Lazima isemwe kwamba alimpendeza. Ile rangi iliendana na mdomo vizuri kuliko ilivyoendana na mchanga.

"Mkwe!" Daktari alilia. "Mkwe, nisamehe! Usiguse! Usisogee!"

Zege hakusogea. Alikuwa akifikiri, na picha aliyoiona haikumfurahisha: amenaswa mdomoni, yupo katikati ya bahari, na mtu pekee aliye karibu ni daktari wa meno.

Daktari alikata mshipi, akatupa fimbo majini na kusogea. Ghafla mikono yake iliyokuwa ikitetemeka kwenye mafundo ilitulia kabisa. Hii ilikuwa kazi anayoijua.

"Hebu fungua kinywa."

Zege akatikisa kichwa, kisha akajuta, maana nzi naye alitikisika. Akaanza kurudi nyuma.

"Unakwenda wapi?"

"Nyumbani," Zege alisema, au kitu kinachofanana na hilo, kwa kuwa mdomo wa chini ulikuwa hauna nafasi ya kushiriki.

"Na huyo nzi?"

"Nitazoea."

"Mkwe, acha utoto! Maji yanajaa, gari lipo mbali, na hicho kijino kikikaa mdomo utavimba uwe kama mto wa kochi. Fungua nione."

"Usinisogelee!"

Wakawa wanazungukana pale majini, mmoja mkubwa kama mlango wa ghala anarudi kinyumenyume, mwingine mwembamba na visanduku kifuani anamfuata mikono mbele. Kama samaki wangekuwa na mchezo wa kutazama watu, siku ile wangejaza ukumbi. Maji yalikuwa yameshawafika gotini Zege alipojikwaa kwenye jiwe, akakaa kitako majini, naye Daktari akapiga goti mbele yake na kumshika kidevu kwa vidole viwili, vile anavyowashika watoto.

"Sitafanya lolote bila kukwambia," alisema. Ilikuwa sauti nyingine, si ya mwenye nzi. "Naangalia tu."

Zege akafumba macho na kufungua kinywa.

Daktari aliitazama ndoana. Halafu, kwa mazoea tu, macho yake yakapita ndoana na kwenda ndani. Meno ya mbele juu, yale yanayofichwa na masharubu, mawili yalikuwa yamevunjika na kuwa meusi, na jirani zao walikuwa njiani kuwafuata. Nyuma kulikuwa na magofu. Hakuna upande ambao mtu yule angeweza kutafunia kipande cha nyama bila kuona nyota mchana. Daktari aliikumbuka sahani iliyosukumwa na kiganja kisichobanduka, akaikumbuka shingo iliyogeukia pazia wakati wengine wanacheka. Alijisikia mjinga, hali ambayo mtu msomi huitambua kwa shida kwa kuwa hajaizoea.

Lakini ndoana kwanza. Alichukua kipande cha mshipi mnene, akakipitisha kama kitanzi kwenye mkunjo wa ndoana, akajizungushia ncha mkononi. Kwa kidole cha mkono mwingine alikandamiza kichwa cha nzi chini ili kijino kilegee kwenye nyama.

"Sasa nieleze kitu kimoja, mkwe," alisema. "Kwa nini kahawia?"

Zege akafumbua macho. Hakuna aliyewahi kumuuliza swali hilo kwa nia ya kusikia jibu. Akakunja uso, akatafuta maneno. "Kwa sababu..."

Daktari akavuta mara moja, kwa nguvu. Nzi akaruka nje, mzima.

"Endelea," Daktari alisema. "Kwa sababu?"

Zege alijigusa mdomo. Tone moja la damu, basi. Alikitazama kidole, akamtazama Daktari, akakitazama kidole tena.

"Imekwisha?"

"Imekwisha."

"Mbona sikusikia kitu?"

"Sasa hiyo," Daktari alisema, "ndiyo kazi yangu. Huko kwenye samaki naenda kupoteza muda."

Zege akacheka. Kicheko kilianza kama kikohozi, kikapanda, na mara mtu yule mzima alikuwa amekaa baharini na suruali yake anacheka kinywa wazi, magofu yote hadharani, bila kiganja. Alipotulia alisukutua maji ya chumvi, akakunja uso, akatema.

"Kati ya mabinti wote waliojaa dunia hii," alisema, "mwanangu ameenda kumpenda wa daktari wa meno. Aliponiambia sikulala. Nikasema, siku ya kwanza tu nikicheka, atachungulia. Nikiwa mtoto kuna mmoja alinikalia kifuani akaning'oa jino bila ganzi. Nimeruka kutoka ghorofa ya tatu kwenye kamba ya mafundi, Daktari, siogopi. Lakini ule mlio wa kile kidude chenu!"

"Na sisi tukasema unatudharau."

"Nikudharau? Nilikuwa nakuogopa! Ile nyama ya mkeo ilinukia mpaka nikataka kulia. Ningeitafuna na nini?"

Daktari alitaka kusema neno la hekima, lakini hakupata nafasi. Nyuma ya bega la Zege mkia ulikuwa umechomoza. Kisha wa pili.

"Usigeuke haraka," Daktari alinong'ona. "Samaki."

Zege alinyoosha mkono bila kutazama. "Niletee huyo nzi."

"Yupi?"

"Huyu aliyenila."

Daktari alichukua koleo na, kwa moyo mzito, akakiminya kijino. Rangi ilikwaruzika, kama alivyohofia. Zege akamfunga kwenye mshipi wake kwa vidole vinene visivyokosea, akainuka polepole, akasoma upepo, akatupa. Nzi wa waridi alitua bila sauti mbele ya mkia, akazama. Zege akavuta kidogo, akaacha, akavuta. Samaki akageuka, akainama.

Kilichofuata Daktari hukisimulia kwa mikono miwili na watu husogeza vikombe vyao. Mshipi ulikimbia ukikata maji kama wembe, kigurudumu cha fimbo kikalia, Zege akaimba. Ndiyo, aliimba, wimbo wa kubebea zege, kwa sauti kubwa na mdomo uliovimba. Samaki alikwenda mbio mara mbili, kisha akaja ubavu ubavu, naye Daktari ndiye aliyempokea kwa viganja vilivyolowa. Ndipo akamwona kwa mara ya kwanza kwa karibu, ule weupe, yale macho makubwa, na nzi wake amekaa pembeni mwa kinywa sawa kabisa na alivyokusudia akiwa mezani. Hakuwa amemvua yeye. Lakini samaki alikuwa amekubaliana na mchanga, uzito, rangi, yote. Daktari aliguna kitu ambacho si neno, akamwachia.

"Nzi wako ni mzuri," Zege alisema. "Ila wewe usimtupe tena. Utaua mtu."

Nyumbani, mke wa Daktari alifungua geti na kumwona mkwe wake amesimama, suruali imelowa, mdomo wa chini umevimba kama andazi.

"Mmepigana!" alisema, mkono kichwani. "Mume wangu, umempiga mkwe!"

"Hapana, mama," Zege alisema, kinywa wazi, meno yote mabovu yakimtabasamia. "Amenivua."

Ilichukua muda na chai nyingi mpaka aelewe. Alipoelewa alikwenda jikoni bila neno, akarudi na bakuli la nyama iliyochemshwa mpaka ikalegea, akaketi kumtazama mkwe akila yote.

Kliniki Zege alikuja siku ya kazi asubuhi, amesindikizwa na mkewe kwa mkono, uso umempauka kama aliyekuja kutambua maiti. Alirudi tena, na tena, kila mara kwa hatua ndefu zaidi. Daktari alimtengeneza polepole, na kwa kuwa hakuna mtu mwema asiye na udhaifu, alitumia kila dakika ambayo kinywa cha Zege kilikuwa kimejaa pamba kumthibitishia kwamba kahawia haifai. Zege alibisha kwa macho tu.

Kwa hiyo mambo yakawa shwari, na ingekuwa vizuri hadithi iishie hapo, wakwe wakiwa wamepatana na binti hana chozi. Lakini watu waliopatana ni hatari kuliko waliogombana, kwa sababu huanza kupanga mambo pamoja. Wiki chache kabla ya harusi, ukumbi umeshalipiwa na nguo zimeshashonwa, wazee wawili waliomba kikao na vijana. Walikaa kwenye kochi bega kwa bega, wamevaa vizuri, wanasukumana viwiko nani aanze.

"Mwanangu," Daktari alianza, "ndoa ni jambo kubwa, halitaki haraka."

"Kabisa," Zege alisema.

"Sasa tulikuwa tunaangalia ile Jumamosi yenu. Si siku mbaya. Ila mkisogeza mbele wiki moja tu..."

"Moja tu," Zege alisema.

Binti alimtazama baba yake, akamtazama baba mkwe wake. "Kuna tatizo gani na Jumamosi hiyo?"

Zege akalitazama pazia.

"Maji," Daktari alisema hatimaye, kwa sauti ndogo. "Siku hiyo asubuhi maji yanajaa vizuri sana. Bila upepo. Haitokei mara nyingi, mwanangu."

Mchumba alizamisha uso kwenye viganja. Huko jikoni, ambako mama mtu na mke wa Zege walikuwa wanahesabu vikombe, hesabu ilisimama.

"Baba," binti alisema kwa upole wa kutisha, "siku hiyo ninyi mnaweza kwenda kuvua. Mimi nitakuwa naolewa. Mtachagua wenyewe mtakapokuwa."

Harusi ilifanyika Jumamosi ile ile. Baba wawili walikaa mstari wa mbele wamefungwa tai, wake zao pembeni huku na huku kama askari magereza, na wakati maharusi wanavishana pete Zege aliinama kidogo upande wa Daktari.

"Saa hizi ndiyo wanaingia," alinong'ona.

"Najua," Daktari alinong'ona. "Usinikumbushe."